Mkono Aliorudi Nao Odero

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mmoja uliokataliwa na wateja wa duka la mbao, umelazwa juu ya matofali kando ya barabara ya Namanga, pale Kitengela ambapo vumbi la simiti hukutana na vumbi la ng'ombe. Watu waliliita Bunge. Hakuna aliyewachagua wabunge wake na hakuna aliyeweza kuwaondoa. Kulikuwa na Mulinge, aliyeitwa Daktari kwa sababu aliuza dawa ya kupe. Kulikuwa na mzee Parmuat, aliyeitwa Mzee Ploti kwa sababu alikuwa ameuza shamba lake kipande kwa kipande hadi akabaki na mahali pa kusimama na ng'ombe wachache wa kusimama naye. Na kulikuwa na Wanjala, kijana wa kiwanda cha nguo, aliyeitwa Redio kwa sababu alikuwa hazimiki. Kahawa ya tangawizi waliuziwa na Ajwang, msichana wa miaka kumi na saba, aliyekuwa na birika moja na jiko moja la makaa. Mwisho wa benchi, upande wa kivuli, palikuwa mahali pa baba yake, Odero, fundi wa matangi ya faiba. Hii ilikuwa wiki ya pili pakiwa patupu, na siku hiyo mwaka wa elfu mbili na nne, Bunge lilikuwa na hoja moja tu.

— Nasema hivi, alianza Daktari. Papa akikuuma, sumu haibaki kwa mkono. Inapanda. Inapita hapa kwa kwapa, inaingia kichwa. Ndio maana Odero hatoki nje. Mdomo umekwama.

— Papa hana sumu, alisema Redio. Hiyo ni nyoka.

— Wewe ulisomea papa wapi?

— Na wewe? Si unauza dawa ya kupe?

— Kupe ni nini? Ni mdudu anauma. Papa ni nini? Ni mdudu anauma. Kuumwa ni kuumwa tu. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Odero alijaribu kumkunja, samaki akakataa.

Ajwang aliwajazia vikombe bila kucheka. Siku nyingine angecheka. Aliacha shule kidato cha pili mama yake alipofariki, ili wadogo zake wawili wasilale njaa, na tangu hapo maneno ya benchi hili ndiyo yaliyokuwa darasa lake. Lakini sasa alitaka kitu kimoja tu: baba yake avae viatu, atoke katika kile chumba chenye pazia lililofungwa, aje akae mahali pake. Kila asubuhi alimwambia, "Baba, leo jua ni zuri." Kila asubuhi Odero alijibu, "Kesho," akageuza uso ukutani.

— Mimi niliwaambia mapema, alisema Mzee Ploti. Samaki sio chakula. Samaki ni nyoka imekosa njia. Tukamwona hapa akijenga boti mahali maji tunanunua kwa punda. Nikamwambia, Odero, wacha. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Lakini yeye aliumia mkono, mzee, alisema Redio.

— Basi alisikia nusu.

Boti hilo hata Ajwang alikuwa amelicheka. Lilikuwa jembamba kama ganda la njugu, la kubeba mtu mmoja, na baba yake alisema linaitwa kayaki. Alilitengeneza jioni, kwa mabaki ya faiba, nyuma ya karakana, mwaka mzima baada ya matanga. Alipomuuliza ni la kazi gani, Odero alisugua faiba kwa muda mrefu ndipo akajibu: "Nimekulia ziwani, mama. Tangu nije huku sijawahi kukaa juu ya maji. Nataka kitu kinivute kidogo, basi nirudi." Akaomba likizo, akapakia kayaki juu ya lori la simiti, akaenda pwani peke yake.

— Alikuwa mkubwa aje, huyo papa? aliuliza Mzee Ploti.

— Kama nissan ya abiria kumi na nne, alisema Redio papo hapo. Mimi niliambiwa na turnboi wa lile lori. Maze, alimvuta Odero na boti yake mpaka Pemba. Buda Odero akafika Tanzania bila pasi.

— Akaulizwa pasi na nani? Na papa?

— Wewe cheka, Daktari. Ukifika kwa watu, unaulizwa pasi.

— Kama alikuwa mkubwa hivyo, angemeza mtu na boti. Huyo hakuuma, alionja.

— Heh! Mzee Ploti aliweka kikombe chini. Kama alionja, hiyo ni mbaya zaidi. Simba akionja ng'ombe wa boma moja, anarudi boma hiyo hiyo. Papa akionja mtu, atamfuata.

— Atamfuata huku? Na nini, basi la usiku?

Redio alisimama. Wazo lilikuwa limemwingia na hangeweza kulibeba akiwa ameketi.

— Na mto! Mto Kitengela unaingia wapi? Athi. Athi inaenda chini, inaitwa Galana, inaenda tena inaitwa Sabaki, halafu inamwaga wapi? Malindi! Baharini! Huyo papa akikata kona pale Malindi, barabara ni moja mpaka hapa kwa daraja yetu!

Ajwang alikumbuka somo la jiografia na kuona, kwa masikitiko, kwamba kuhusu mto Redio hakuwa amekosea.

— Saa hii kwa ule mto hata chura analalamika, alisema Daktari, lakini sauti yake ilikuwa imepungua.

— Atangoja mvua, alisema Redio.

— Mwezi wa nne, alisema Mzee Ploti taratibu. Nitahamisha ng'ombe.

Ajwang hakuweza kuvumilia tena.

— Hakuwa mkubwa hivyo, alisema.

— Mama, wewe tuongeze kahawa, alisema Daktari kwa upole. Haya ni mambo ya sayansi.

Akawaongeza. Alikuwa ameahidi kunyamaza. Usiku ule Odero aliporudi, Ajwang akimfungua bendeji, ndipo baba yake alipomweleza yote, mara moja tu. Kule ufukweni, mbele ya Msambweni, alikuwa akipiga kasia kupita mahali mawimbi yanapovunjika, anadondosha chambo chenye ndoana, halafu anarudi mchangani na kuushika mshipi akiwa amesimama nchi kavu. Siku za kwanza hakupata kitu. Halafu asubuhi moja mshipi ukavuta. Ukamvuta hadi magotini majini, na yeye akawa anacheka peke yake kama mtoto. Samaki aliyetoka alikuwa papa mdogo, hazidi urefu wa mkono wa mtu. Kwa furaha Odero akasahau yuko wapi. Mkono wake ukafanya kile ulichokifanya tangu utotoni kila alipompata mbuta wa ziwani: ukaingia mdomoni mwa samaki ili kumwinua kwa taya. Mbuta ukimshika hivyo anakukwaruza tu. Papa si mbuta. Odero alijifunga kwa shati na kutembea mchangani peke yake hadi akakutana na akina mama waliokuwa wakitafuta pweza, wakampeleka hospitali. Vidole vitatu havikuokolewa.

"Usiwaambie ilivyokuwa," alisema. "Mjaluo mzima kuumwa na samaki!" Akajaribu kucheka, kisha akageuza uso ukutani.

Wakati Bunge likibishana kama papa anaweza kupita chini ya daraja bila kukwaruza mgongo, mwanamke mmoja wa makamo alivuka barabara akiwa na kikapu begani.

— Takwenya, Mzee Ploti alimsalimu kwa Kimaasai.

— Iko, aliitikia yule mwanamke bila kusita, na mzee akafurahi.

— Umetoka wapi, unajibu vizuri hivyo?

— Mashuuru. Naitwa Kaluki. Mimi ni Mkamba, lakini tumekaa na nyinyi tangu utotoni. Juzi nimehamia hapo nyuma, ile ploti iko na geti ya buluu. Chumba changu kinaangaliana na cha mtu anaitwa Odero. Nimesikia ameumia.

— Basi umefika kwa wenyewe, alisema Daktari akimpa nafasi. Sisi ndio tuko na habari yote. Uliza chochote.

— Asante. Ni mkono gani?

— Mkono aje?

— Ule aliumia. Ni wa kulia ama wa kushoto?

— Wa kushoto, alisema Redio.

— Wa kulia, alisema Daktari, na walisema pamoja.

Wakatazamana. Mzee Ploti alitazama viganja vyake mwenyewe, kimoja baada ya kingine, kana kwamba jibu limeandikwa hapo. Lori likapita. Vumbi lake likatua vikombeni.

— Kwani hamjaenda kumwona? aliuliza Kaluki. Hakuuliza kwa ukali. Alishangaa tu.

— Tumekuwa tukipanga, alisema Daktari. Si unajua wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone? Sasa tulikuwa tunangoja apone, ndio twende.

Alipoyasikia maneno yake mwenyewe, aliinamia kikombe.

— Mimi nauliza kwa sababu nataka kwenda kumpa pole, alisema Kaluki. Babangu alipoteza mkono wa kulia kwa mashine ya mkonge. Watu walikuwa wanakuja, wanamnyooshea mkono wa kulia kama kawaida. Sasa yeye afanye nini? Akiwapa wa kushoto, ameona amewatusi. Akikosa kuwapa, amewanyima salamu. Akaanza kukimbia wageni. Mtu mzima, anajificha nyuma ya ghala. Ndio nikajifunza, mtu kama huyo uulize kwanza ni mkono gani. Halafu wewe ndio unaanza.

Ajwang alishika mkono wa birika na kusahau kwamba ni moto. Alikumbuka siku mchungaji alipobisha, na baba yake akajifunika blanketi hadi shingoni. Alikumbuka mwenye nyumba alipokuja, Odero akanong'ona, "Mwambie nimelala." Yeye alidhani ni maumivu, kisha akadhani ni aibu ya papa. Lakini huyu ni baba aliyekuwa akiwarudisha mlangoni watoto wake waliposalimu watu wazima kwa mkono wa kushoto, hata kama wa kulia umeshika ndoo. "Weka ndoo chini," angesema, "kisha umsalimu mtu kama mtu."

— Ni wa kulia, alisema Ajwang.

Mzee Ploti akasimama kwanza. Alikung'uta shuka yake, akaokota rungu.

— Twende, entito, alimwambia Ajwang, akimwita msichana kwa Kimaasai. Utangulie mbele.

Wakaenda kwa mstari katika kile kichochoro cha kwenda kwenye geti la buluu, na kwa mara ya kwanza Bunge lilitembea bila hoja. Redio alikuwa nyuma kabisa, akiunyoosha mkono wa kushoto hewani na kuurudisha, akiunyoosha na kuurudisha.

— Unafanya nini? alinong'ona Daktari.

— Najizoesha. Huu wa kulia unakimbilia mbele.

Odero alikuwa ameketi kitandani mlango ukiwa nusu wazi. Alipowaona, alisimama haraka na kuuficha mkono wenye bendeji nyuma ya mgongo. Ajwang aliona macho yake yakitafuta pa kwenda, na chumba kile hakikuwa na pa kwenda.

Kaluki aliingia wa kwanza. Hakuutazama mgongo wake. Alimnyooshea mkono wa kushoto, wazi, bila haraka.

— Jirani, pole. Naitwa Kaluki. Ni mimi nimeingia hapo mbele.

Odero aliutazama ule mkono. Kisha akautoa wake wa kushoto, akaushika.

Daktari akafuata. Hakusema methali yoyote. Alisema tu:

— Pole, ndugu yangu. Tumechelewa.

Mzee Ploti, ambaye Ajwang hakuwahi kumwona akimpa mtu yeyote mkono wa kushoto, hata mtoto, alilitoa rungu mkono wa kushoto na kulipeleka katika ule wa kulia. Kisha akampa Odero mkono uliobaki mtupu.

— Sopa, Odero.

— Ipa, alijibu Odero.

Redio, baada ya mazoezi yote yale, alinyoosha wa kulia. Akashtuka, akaurudisha, akanyoosha wa kushoto, akaugonga mlangoni.

Odero akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo chenye kutu, lakini kilifika hadi machoni. Polepole akautoa mkono wa bendeji mgongoni na kuuweka mahali kila mtu angeuona.

— Mnataka kujua alikuwa mkubwa aje, alisema.

— Hatujauliza, alisema Daktari.

— Alikuwa mdogo. Hivi. Akajipima kutoka bega hadi kifundo cha mkono. Nilimshika mdomo kama mbuta.

Hakuna aliyecheka. Mzee Ploti alitikisa kichwa.

— Mkono unakumbuka kwao, alisema. Hata mimi ng'ombe wangu bado wanaenda kwa ile shamba niliuza.

Kisha Redio akaanza kuhangaika.

— Ajwang, hakuna kahawa?

— Imeisha. Birika limebaki na tangawizi tu.

— Basi enda upike ingine, alisema Odero, akivuta viatu vyake kutoka chini ya kitanda kwa mguu. Nitainywa huko benchini.

Alihangaika na kamba za viatu kwa mkono mmoja, na hakuna aliyeinama kumsaidia. Ajwang alikuwa ameshatoka, anakimbia kwenda kupepea jiko.