Bi Dawati: Miaka Thelathini na Mmoja Bila Kiti cha Nyuma

Ijumaa ya tarehe 29 Novemba, mwalimu wetu wa darasa la nne anastaafu baada ya kuitumikia shule hii kwa miaka thelathini na mmoja, miezi kumi na siku ishirini na tatu. Hesabu hiyo imetoka kwenye jalada lake la utumishi na imehakikiwa mara mbili, kwa sababu yeye ndiye atakayeisoma kwanza, na hapitwi na tarehe. Ilimpita mara moja tu, wiki iliyopita, na nusura mtoto mmoja arudishwe darasa kwa ajili hiyo. Habari yenyewe itasimuliwa hapa kwa ruhusa yake.

Watoto wanamwita Bi Dawati. Wanadhani hajui.

Alipoajiriwa alipewa chumba cha mwisho, kile kinachopakana na stoo, chenye watoto hamsini na sita na safu saba za madawati zilizonyooka kuelekea ubaoni. Alifundisha hivyo hivyo kwa miaka mitatu. Mwishoni mwa mwaka wa tatu, akijaza matokeo, aligundua jambo lililomkosesha raha likizo nzima. Watoto walioanguka mtihani hawakufanana kwa lolote: walikuwamo wapole na watundu, wenye vitabu nyumbani na wasio navyo. Walichofanana ni mahali pa kukaa. Miaka yote mitatu, kona ya nyuma kushoto, karibu na kabati, ilikuwa imeanguka, na kila mwaka ilikuwa na watoto wengine.

Mtu mwingine angesema ni bahati mbaya, akafunga daftari. Yeye alirudi shuleni katikati ya likizo pamoja na mume wake, ambaye ni fundi bomba, akampa chaki na kumwambia aandike chochote. Kisha akakaa kwenye kila dawati kwa zamu na kunakili. "Nilijua nimeoa mwalimu," mzee anasema mpaka leo, "sikujua kwamba na mimi nitaandikishwa shule." Ilipofika saa nne kasoro robo, jua liliingia kwa dirisha la pili, na kwa aliyekaa kona ile theluthi nzima ya ubao ikapotea. Ukabaki mng'ao mtupu. Watoto wa kona hiyo walikuwa wakigombezwa miaka yote kwa uzembe ambao kumbe ulikuwa wa dirisha.

Muhula ulipofunguliwa, madawati yalikuwa yamepangwa nusu duara mbili, moja ndani ya nyingine, na kabati limesogezwa hadi kona ile ya mng'ao. Kukawa na utaratibu mmoja zaidi: kila Jumatatu asubuhi kila mtoto anasogea nafasi moja kuelekea mlangoni, na wa mlangoni anazunguka kwenda dirishani. Hakuna anayemiliki mahali pazuri, wala anayehukumiwa kukaa mahali pabaya. Orodha ya wiki hubandikwa mlangoni, na ya wiki iliyopita hupelekwa ofisini kuhifadhiwa.

Upinzani haukukosekana. Mhudumu wa usafi alilalamika kwamba ufagio wake haujazoea kukata kona. Mkaguzi mmoja alisimama mlangoni akauliza, "Mwalimu, humu palipita upepo?" Akajibiwa kwamba ulipita na ukaacha kila kitu mahali pake, na akaombwa akae popote apendapo, kisha aseme kama haoni ubao. Mkaguzi alijaribu viti vinne. Katika ripoti yake, chumba kile kina sentensi moja tu: "Ubao unaonekana." Bi Dawati aliomba nakala, nayo imo kwenye jalada lake mpaka leo, juu ya barua ya kupandishwa cheo.

Amefanya kazi chini ya walimu wakuu watano. Watatu kati yao walimwagiza arudishe safu. Alizirudisha kila alipoagizwa, kwa heshima zote, na kila mara alimkaribisha mwalimu mkuu kukaa kona ya nyuma saa nne kasoro robo na kusoma ubaoni kwa sauti mbele ya watoto. Safu zilizodumu sana zilidumu siku tatu.

Ugonjwa huu wa kupanga viti anatoka nao hata nje ya kazi. Tulipokwenda kumpongeza mwalimu wa hesabu kwa kujifungua, Bi Dawati, kabla hajampakata mtoto, alikuwa ameshageuza makochi mawili. "Samahani, mwenzangu," alisema, "lakini shangazi yako pale alikuwa anazungumza na ukuta." Shangazi mwenyewe alimuunga mkono.

Kuhusu mtihani wa kufunga mwaka, mawazo yake ni ya namna hiyo hiyo. Hajawahi kuudharau. Huutunga kwa wiki tatu na kuusahihisha kwa kalamu mbili. Lakini husema mtihani ni picha iliyopigwa siku moja, na kuna siku mtu hutoka pichani amefumba macho. Kwa hiyo huweka daftari la mwaka, ukurasa mmoja kwa kila mtoto, na kila mwisho wa mwezi huandika jambo moja ambalo mtoto huyo analiweza sasa na mwezi uliopita hakuliweza. Kama hakuna, huandika "bado", na hilo "bado" hujihesabia kuwa ni deni lake mwenyewe.

Alama za mtihani nazo haziandiki kwa majina. Huchora ramani ya darasa, nusu duara zote mbili, na katika kila kisanduku hujaza alama ya aliyekaa pale asubuhi ya mtihani. Anataka kuona kama kuna kona imeanza tena kuanguka. Karani wa ofisi huchukua ramani, akaisoma sambamba na orodha ya wiki ile, na kuingiza alama kwenye rejesta kwa majina. Makarani wanne waliotangulia walifanya hivyo bila kosa. Karani wa sasa, ambaye ndiye anayeandika maneno haya, alianza kazi mwezi wa tatu.

Mwaka huu mtihani ulifanyika Jumanne ya tarehe 12 mwezi huu. Siku moja kabla, watoto walikuwa wamesogea nafasi moja kama kawaida. Karani aliingiza alama akitumia orodha iliyokuwa kwenye droo, nayo ilikuwa ya tarehe 4. Matokeo yakawa kwamba kila mtoto kati ya arobaini na wawili alipewa alama ya jirani yake, na karibu zote zilifanana na ukweli kiasi cha kutomshtua mtu. Ripoti zikachapishwa na kupigwa mhuri. Asubuhi ya Jumatano tarehe 20, matokeo yakatumwa ofisi ya elimu pamoja na bahasha za karatasi za majibu, zikiwa zimefungwa kwa lakiri. Ijumaa wazazi walitakiwa kuja kuchukua ripoti.

Mchana wa Jumatano hiyo Bi Dawati aliketi kutia sahihi, daftari la mwaka likiwa wazi pembeni. Ripoti sita zilipita. Ya saba ilikuwa ya binti wa fundi viatu wa mtaa wa nyuma: alama thelathini na tatu, na chini yake, "Arudie darasa." Akafungua ukurasa wa mtoto. Februari: anatambua herufi zote. Juni: anasoma aya, kidole kikimwongoza. Septemba: ameacha kidole. Oktoba: amemsomea mwenzake swali la hesabu na kumweleza linataka nini. Akaweka kalamu chini na kusema kwamba hatii sahihi.

Mwalimu mkuu, ambaye amekuwa mwungwana katika jambo hili tangu mwanzo hadi mwisho na ameruhusu liandikwe, alikuja mwenyewe. Alieleza kwamba matokeo yameshaondoka, kwamba kuomba bahasha zifunguliwe huchukua wiki mbili, na kwamba huenda ile ramani ndiyo iliyomchanganya. Alishasema asubuhi hiyo, chumbani kwa walimu, kwamba ramani na nusu duara zitastaafu pamoja na mwenyewe.

"Mwalimu wangu, umebakiza siku tisa," alimwambia kwa upole. "Tia sahihi, upumzike."

"Siku tisa ni za kazi, mkuu. Kupumzika nitapumzika siku ya kumi."

"Na ukimpandisha huyu, unamshusha nani?"

"Simpandishi wala simshushi mtu. Nataka kila mtoto abebe chake." Kisha akamgeukia karani. "Mwanangu, niletee ramani yangu na orodha uliyotumia."

Karani alikwenda ofisini. Orodha ya tarehe 4 ilikuwa juu ya droo, na tarehe yake ilisomeka vizuri sana. Orodha ya tarehe 11 ilikuwa bado mlangoni pa darasa, hatua ishirini kutoka pale, kwa kuwa baada ya mtihani watoto hawakusogezwa tena. Ingetosha kuibandua hiyo, kuificha pamoja na ile ya droo, na kusema orodha hazionekani. Lawama ingebaki kwenye ramani, ambayo tayari ilikuwa inalaumiwa, na binti wa fundi viatu angekaa mwaka mwingine darasa la nne. Karani alisimama kati ya milango hiyo miwili kwa muda ambao hakuupima. Alimkumbuka mama yake, aliyekuwa amewatangazia majirani kwamba mwanawe kapata kazi ya mezani. Halafu alipeleka orodha zote mbili na kusema ile ya zamani ndiyo aliyoitumia.

Bi Dawati alizitazama tarehe, moja kisha ya pili. Kisha akavuta kiti, akakiweka ubavuni mwake, si mbele yake, na akasema, "Kaa. Tuanze na wa dirishani."

Wakaanza. Yeye alisoma kisanduku, karani akataja jina, wakaandika, na baada ya kila majina kumi walirudi nyuma kuhakiki. Binti wa fundi viatu alikuwa na sitini na moja. Thelathini na tatu ilikuwa ya jirani yake, mtoto wa dereva, aliyelazwa hospitali wiki tano za muhula. Kwa kanuni ya shule hii, aliyelazwa hufanya mtihani mwingine shule inapofunguliwa, na Bi Dawati ameshamwandalia kazi za likizo kwa mwandiko wake. Ilipofika saa kumi na moja jioni, majina yote arobaini na mawili yalikuwa yamekaa panapostahili.

Ndipo alipokwenda kwa mwalimu mkuu, akimtangulia karani mlangoni ili aanze yeye kusema. Maneno yake yalisikika hadi nje. "Kosa hili lina wenyewe wawili. Mtoto huyu hakutazama tarehe ya orodha. Mimi sikuandika tarehe kwenye ramani. Ukiandika barua ya onyo, andika mbili, na yangu ufanye haraka maana muda umekwisha."

Mwalimu mkuu alijikuta anacheka. Hakuandika hata moja. Aliandika barua ya kusahihisha matokeo, na karani aliipeleka ofisi ya elimu kwa mkono Alhamisi saa mbili asubuhi, akasubiri mpaka ikapigwa mhuri wa kupokelewa. Ripoti mpya zilichapishwa mchana. Kila moja ilisomwa na watu wawili kabla ya kutiwa sahihi.

Ijumaa fundi viatu alifika na aproni yake ya kazi. Alimpa binti ripoti aisome yeye, kwa sauti, mbele ya watu. Binti aliisoma yote, pamoja na jina la mpiga chapa lililo chini kabisa, ambalo hakuna aliyemwomba alisome. Baba akamwambia Bi Dawati, "Viatu vya kustaafia nitakushonea mimi, mwalimu. Na soli siipunguzi." Akamtaka avue kimoja pale pale achukue kipimo, na wazazi wakamshuhudia Bi Dawati, kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na mmoja, akisimama darasani kwa mguu mmoja.

Yapo mengine mengi ambayo jalada linayataja: walimu wachanga kumi na mmoja aliowalea, madawati thelathini ambayo fundi seremala aliyapunguza miguu kwa vipimo vyake, na zaidi ya watoto elfu moja na mia nne waliopita kwenye chumba kile. Lakini jalada halina mahali pa kuandika alichomfundisha mtu aliyekaa ubavuni mwake siku ya Jumatano. Kwa hiyo kimeandikwa hapa.

Januari chumba cha mwisho kitakuwa na mwalimu mpya. Nusu duara zitabaki. Mwalimu mkuu ametangaza hivyo Jumatatu, baada ya kukaa peke yake kona ya kabati saa nne kasoro robo. Ramani itabaki pia, na sasa ina mstari juu kulia wa kuandikia tarehe. Mstari huo aliuchora Bi Dawati mwenyewe, na chini yake yeye na karani wametia sahihi zao.

Bi Dawati, shule hii inakushukuru kwa kila dawati ulilolisogeza na kila "bado" uliyokataa kuiacha ibaki. Tunakuombea afya, asubuhi zisizo na kengele, na nyumba ambayo mzee atakuruhusu upange viti upendavyo.

Wageni mtakaofika ukumbini siku ya Ijumaa, saa nne asubuhi, viti vimeshapangwa. Msihangaike kutafuta cha nyuma. Hakipo.