Wasifu wa Ndugu Yangu, Fundi wa Bangili Zinazosema

Ndugu yangu alizaliwa alfajiri ya tarehe 14 Juni 1979, mtoto wa pili na wa mwisho wa mama yetu, katika chumba cha nyuma cha duka la ushonaji alikofanya kazi mama. Mimi nilikuwa na miaka minane. Mwezi huohuo nilitolewa darasa la pili nimbebe. Niliambiwa ni kwa muda mfupi.

Yeye alisoma hadi akahitimu ufundi wa elektroniki mwaka 2002. Alipokuwa na miaka tisa aliifungua redio ya mama. Alipoifunga, skrubu tatu zilibaki mezani. "Hizo zilikuwa za ziada," alisema.

Mwaka 2011 alifungua karakana ya chumba kimoja, juu ya duka la miwani. Alitengeneza bangili ya kupima mapigo ya moyo, inayomwambia mgonjwa hali yake kwa maneno. Akahitaji sauti. "Dada, njoo wewe. Ukigomba, hata jirani anakaa chini." Nilisema siku nne mbele ya kinasa sauti, nikirudia alichoninong'oneza. Kisha akatengeneza ya watoto: ukichora herufi hewani, bangili inaitaja. Kwa bangili hiyo nilijifunza kusoma nikiwa na miaka arobaini na mbili, mwalimu wangu sauti yangu mwenyewe. Kwenye maboksi aliandika: "Sauti ya mashine." Nikamnunia.

Alioa tarehe 5 Desemba 2015, bangili mkononi. Harusini nilikwenda nimenuna. Alipoulizwa kama anamkubali bibi harusi, sauti yangu ikajaa ukumbi: "Moyo unakwenda mbio! Kaa chini!" Akakaa. Bibi harusi akamwambia, "Kaa, baba, lakini kubali kwanza." Nilicheka hadi kilemba kikafunguka.

Figo zake zilianza kushindwa Novemba mwaka jana. Wodini muuguzi alinisikia nikimkemea amalize supu. "Mama, kumbe ni wewe wa kwenye bangili!" Ndugu yangu akageukia ukuta. Kesho yake akatoa kinasa sauti. "Dada, sema wewe ni nani." Nikasema: "Mimi ni dada wa fundi, si mashine." Hakuomba msamaha. Alibonyeza kitufe huku machozi yakimtoka.

Alifariki Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, saa nne asubuhi. Fundi mwenzake ameshayaweka maneno hayo kwenye bangili mpya, na ndiyo ya kwanza kusikika ukiiwasha.

Ameacha mama, mke, mabinti wawili, na dada aliyeambiwa leo akae alie, wasifu huu ausome mtu mwenye elimu. Nimesoma mwenyewe. Nimemsamehe nusu, nusu iliyobaki nitampelekea huko aliko, na sina haraka. Mungu amlaze salama, apumzike.