Ndizi Zilizoivia Gizani

Wanajumuiya, habari za Jumapili. Mama mwenye nyumba, asante kwa chai. Nimeombwa nishuhudie, na mimi si mzoefu wa kusimama mbele ya watu, kwa hivyo nikitetemeka mniache nitetemeke. Nitaanza kwa kuwajaribu kidogo. Mungu ni mwe...?

Mmeona? Mmesema "ma" wote pamoja, hata baba aliyekuwa anasinzia pale mlangoni. Hakuna aliyefikiri. Shikilieni hapo, tutarudi.

Mimi kwetu ni upande wa Nyansiongo, kwenye mahindi na ng'ombe wa maziwa. Chuoni nilisomea Kiswahili na Dini. Nilipopata kazi ya mwalimu mwanagenzi huku Nyamache nilishukuru sana, mpaka mwalimu mkuu aliponiambia gredi ya saba haina mwalimu wa Sayansi, na mimi ndiye niliyebaki. Nilikubali. Mkataba ulikuwa mfupi, na mama yangu alitegemea kazi hiyo kwa dawa zake za presha. Wewe ungesema nini?

Ndugu zangu, nawaambia, niliishi kwa hofu ambayo simwombei mtu. Nilikuwa nasoma kitabu ukurasa mmoja tu mbele ya wanafunzi. Kilichonitisha si kufundisha. Ni mkono wa mtoto kwenda juu. Basi nikashika ile mbinu ambayo walimu mlio hapa mnaijua: unaanza sentensi, huimalizi. "Mmea hutengeneza chaku...?" "La!" "Tumeelewana?" "Ndiyooo!" Darasa linaitikia, kipindi kinaisha, hakuna aliyepata nafasi ya kuuliza. Mwalimu mkuu akipita nje anasikia watoto wakijibu kwa nguvu, anafurahi. Mimi ndani naomba kengele ilie.

Siku moja nikasema, "Ndizi huivishwa na mwanga wa ju...?" Wakaitikia, "A!" Kisha msichana mmoja mpole, anayekaa karibu na dirisha, akainua mkono. Akasema nyanyake huivisha ndizi za sokoni ndani ya shimo, anazifunika kwa majani makavu na udongo, na humo shimoni jua haliingii. Sasa inakuwaje?

Jamani. Kwetu sisi tulinunua ndizi zikiwa zimeiva tayari. Hilo shimo sikuwa nimewahi kuliona. Nikasema lile neno letu walimu, "Swali zuri, kila mtu akatafute jibu nyumbani," na kengele ikaniokoa. Kesho yake akauliza tena, kwa adabu ileile. Nikamwambia tutalifikia. Hatukulifikia.

Kabla wiki haijaisha ikaja habari kwamba afisa wa elimu angekuja kuketi darasani mwangu, na ripoti yake ndiyo ingeamua kama mkataba utaendelea. Nikawaza kusema ninaumwa. Nilifikiria mpaka kumhamisha yule msichana akae pembeni nyuma kabisa, mahali ambapo mkono wake hautaonekana.

Aliyenishika mkono ni mwenzangu anayefundisha chekechea. Alinikuta nyuma ya jiko la shule nikilia. Hakunipa pole nyingi, yeye si mtu wa pole. Aliniuliza, "Unaogopa swali, ama unaogopa kuonekana hujui?" Nikamwambia vyote viwili. Akasema watoto wake humuuliza mambo asiyoyajua kutwa nzima, naye huwauliza, "Tutajuaje?" halafu hunyamaza. Akasema kazi kubwa iko kwenye kule kunyamaza. Nikaona kwake ni rahisi, wake ni wadogo na hakuna afisa anayewatazama.

Siku ikafika. Afisa alikuwa mama mrefu, hacheki, akaketi nyuma na kalamu yake. Nilianza na viitikio vyangu vya kawaida, darasa likajibu vizuri, nikaanza kupumua. Ndipo ule mkono wa dirishani ukaenda juu, na swali likawa lilelile la shimo.

Nilimwona afisa akiinua kichwa. Nikauona mkataba ukienda, nikamwona mama yangu. Ningeweza kusema swali zuri, mdomo ulikuwa umeshafunguka kulisema. Lakini yule mtoto alikuwa ananitazama bila hila yoyote, alitaka kujua tu, na siku hiyo aibu ya kumkwepa ikaishinda hofu.

"Sijui," nikasema. "Tutajuaje?"

Darasa likanyamaza. Hawakuwa wamewahi kunisikia nikisema hivyo. Walitazamana, wakageuka wakamtazama afisa. Mimi nilijiuma mdomo ili nisijibu mwenyewe, na ule ukimya ukawa mrefu mpaka nikatamani kuomba ruhusa nitoke nje. Halafu mmoja wa kule nyuma akasema tuzike ndizi tuone. Mwingine akasema yaya, hapana, tukizika zote hatutajua kitu, nyingine zikae juani. Yule msichana akasema lazima ziwe za mkungu mmoja, maana zilizokomaa tofauti haziwezi kuiva pamoja. Wakabishana kuhusu moshi, kwa sababu wengine kwao huwasha moto kando ya shimo. Walibishana kwa Kiswahili na Ekegusii, na mimi nikasahau kuwakataza. Walipoanza kuchimba nyuma ya stoo, kipindi kilikuwa kimeisha.

Afisa alikusanya vitu vyake akaondoka. Kesho yake tukazika nusu ya mkungu, nusu tukaiacha juani. Hizo siku za kungoja ripoti yake zilinila. Simu ya mwalimu mkuu ikilia, nilijua ni habari yangu. Watoto nao kila asubuhi walitaka kufukua shimo, na mimi nikawazuia huku mwenyewe nikitaka kufukua kuliko wao.

Mwishowe mwalimu mkuu akaniita ofisini. Akaniambia afisa amepiga simu. Nikamuuliza amesema nini kuhusu mkataba.

"Hajataja mkataba," akasema. "Ameuliza ni ndizi zipi zilizoiva."

Tulifukua siku hiyohiyo. Za shimoni zilikuwa za manjano, laini. Za juani zilikuwa bado kijani, ngozi imesinyaa. Wenzake walipokuwa wakila, yule msichana alishika yake mkononi akauliza, "Sasa huko shimoni kuna nini?" Nikasema tena sijui, safari hii bila kusita. Tukatafuta vitabuni pamoja mpaka tukapata kwamba ndizi inayoiva hutoa hewa inayoziivisha nyingine, na shimo huifungia hewa hiyo isitoroke. Mkataba ulikuja baadaye, umeongezwa. Nilimpigia mama simu nikashindwa kuongea, akadhani nimefiwa.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mwenzangu wa chekechea, yuko hapa na hataki nimwonyeshe. Nawashukuru watoto wa gredi ya saba, na yule msichana hasa, kwa sababu hakuchoka kuniuliza. Wazazi, mtoto akikuuliza jambo usilolijua, usimfukuze akachote maji. Mwambie hujui, mkatafute pamoja. Hofu yangu haijaisha, hata sasa mikono yangu mnaiona. Lakini siifichi tena kwa kelele za darasa.

Nimemaliza. Sitawauliza kama tumeelewana, maana najua mtakavyoitikia. Nauliza, nani ana swali? Sasa nanyamaza. Hata mkikawia, nitangoja.