Mzee Philemoni Akyoo, Mdhamini wa Khalfani

Baba Mchungaji, wazee wa ukoo, na ninyi majirani wa Levolosi mliopanda mlima kuja kutufuta machozi, shikamooni na poleni. Familia imeona isome mbele yenu njia aliyopita mpendwa wetu, Mzee Philemoni Anaeli Akyoo, na pale tulipokosea tumeona tupaseme humu humu, maana Mungu anapajua tayari.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 hapa hapa Nkoaranga, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Anaeli, akabatizwa, akasoma mpaka darasa la saba, akapata kipaimara mwaka 1969, na kwa kuwa shamba la kahawa na migomba halikuwatosha ndugu wote, mwaka 1974 aliteremka mjini Arusha kujifunza useremala, akafungua karakana yake Levolosi, ambako milango aliyotengeneza mpaka leo inafungwa bila kusukumwa kwa bega.

Tarehe 12 Juni 1982 alifunga ndoa na Agnela, wakajaliwa watoto wawili, Aikande na Abdiel, na Agnela alipotwaliwa mwaka 1991, watoto wakiwa bado wadogo, aliyewaogesha na kuwapikia uji kabla ya shule alikuwa jirani yao wa ukuta kwa ukuta, Bi Maulida, ambaye uji ule hakuudai hata siku moja.

Ndiyo maana Februari 2024, Khalfani, mtoto wa mwisho wa Bi Maulida, aliposhtakiwa kwa wizi wa vipuri katika duka alimokuwa muuzaji, marehemu hakuuliza mara mbili, ila tuseme ukweli, alianza vibaya, kwani alidhani dhamana inanunuliwa kama mbao, akampa kishoka mmoja, dalali wa uongo, nje ya kituo cha polisi laki mbili za kile alichokiita kufungulia faili, kishoka akaaga kwamba anakwenda kunywa chai na hajarudi mpaka leo, na marehemu mwenyewe alikuwa akijicheka, "Chai ile lazima ilikuwa na nyama choma."

Tarehe 6 Februari, mahakamani, ndipo alipoelezwa, tena bure, kwamba dhamana hailipiwi hata senti, bali mshtakiwa anatakiwa kuwa na wadhamini wawili, kila mmoja na kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa, wasaini ahadi ya shilingi milioni kumi kila mtu, fedha ambazo hazitolewi pale, zitadaiwa tu endapo mshtakiwa atatoroka. Basi mjomba wa kijana, Shabani, akasaini, na marehemu akasaini, akaweka hati ya nyumba yake ya Levolosi. Wazee wa ukoo walimwita wakamuuliza, "Philemoni, huyu kijana ni Akyoo wa wapi?" naye akawajibu, "Ni Akyoo wa uji." Tangu hapo kila kesi ilipotajwa alivaa koti lake la kanisani akaongozana na Khalfani mpaka mahakamani, na Khalfani, tumshukuru Mungu, hakukosa.

Januari mwaka huu marehemu alianza kuumwa tumbo, ikagundulika ni saratani, akarudishwa nyumbani na kulazwa hospitali yetu ya Nkoaranga, na hapo hofu ikatuingia, maana sote tuliamini kwamba mdhamini akifa kabla ya hukumu nyumba inachukuliwa na Serikali, na yeye aliamini hivyo hivyo, hata usingizi ukampotea, akawa anamsihi Mungu asimwite kwanza.

Aikande, ambaye ameomba hili lisomwe kwa jina lake, tarehe 5 Agosti aliteremka mjini bila kumwambia baba yake, akamwendea karani wa mahakama kuomba mzee aondolewe kwenye udhamini, akijua wazi kwamba Khalfani angerudishwa mahabusu, na njiani alikuwa amekwisha kupanga uongo wa kumwambia Bi Maulida. Karani alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akamwambia, "Dada yangu, Mahakama haimfuati mtu kaburini, mdhamini akifariki na mshtakiwa hajatoroka, ahadi yake imekwisha, nyumba haiguswi na mtu." Aikande akakaa kwenye benchi akicheka na kulia kwa pamoja, mpaka karani alipoongeza, "Ila huyo kijana atatakiwa kuleta mdhamini mwingine, asipompata anarudi ndani."

Alipofika wodini alimweleza baba yake yote, pamoja na lile ombi la siri, na marehemu akashusha pumzi, akasema, "Asante Yesu," akafumba macho, kisha akafumbua moja.

"Na Khalfani?"

"Nitasaini mimi, Baba."

"Barua ya mtaa unayo?"

"Nitaitafuta."

"Haya. Usimpe kishoka hela."

Jumanne tarehe 12 Agosti hakimu alimfungua marehemu ahadi yake, akampokea Aikande, aliyeweka kiwanja chake cha Sombetini, na jioni ile mzee wetu aliomba meza ya Bwana, akaonja mtori, akalala kama mtoto, na Jumapili tarehe 17 Agosti 2025, saa tatu asubuhi, akaitwa, naye akaitika.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani wa huku na wa Levolosi, Bi Maulida aliyekesha nasi, na mafundi wenzake waliomtengenezea sanduku hili wakakataa malipo. Kama ilivyo desturi, yeyote anayemdai marehemu aione familia baada ya mazishi. Mahakama yenyewe imekwisha kusema haimdai. Kesi itatajwa tena tarehe 2 Septemba, na Aikande atakwenda na Khalfani.

Pumzika kwa amani, Mzee Philemoni, safari hiyo si yako tena.