Mashine ya Moshi na Ng'ombe Wetu

Bwana asifiwe, kuanzia kwa wazee wa mbele hadi vijana wa viti vya nyuma mliokuja kunicheka. Ndugu zangu, mimi nilimvalisha ng'ombe mashine ya PhD.

Ilikuwa hivi. Dada Chepkoech, binti wa jirani yetu, anasoma chuo kikuu hadi ule mwisho kabisa wa kusoma. Sio daktari wa sindano, ingawa nyanya yangu alishamwonyesha jino. Utafiti wake ni moshi wa kuni na vifua vya akina mama. Alimpa mama yangu kamashine kadogo ndani ya mfuko, akavae shingoni kutwa nzima, kapime hewa anayovuta. Jikoni kukionekana kuna moshi mbaya, watamjengea jiko la bomba, halafu wapime tena.

Mama amekohoa tangu nikiwa darasa la nne. Mimi jikoni nilikuwa siingii. Nilisema moshi unaniuma macho, basi naletewa ugali nje kama chifu.

Asubuhi hiyo mama alipoenda kuoga, nikatoa mashine kwa mfuko, nikaweka gunzi la mahindi. Mashine nikamfunga ng'ombe wetu, Madam. Madam akashinda mlimani akipimwa. Mama akashinda motoni na gunzi shingoni. Jioni nikarudisha kila kitu, nikacheka hadi nikalala chini.

Baada ya wiki mbili Dada akaja na karatasi. "Mama, hewa ya jikoni yako ni safi sana. Sasa jiko itabidi liende kwa wengine."

Mama akataka kujibu, kikohozi kikamkatiza. Akashika mlango. Kilipomwachilia akasema tu, "Haya. Mashine imesoma kuliko mimi."

Ndugu zangu, hapo ndipo Mungu alinishika shati. Kicheko kilikataa kutoka. Nikasema, "Ilikuwa kwa ng'ombe."

Dada hakunipiga. Alipiga mstari juu ya namba zote za siku hiyo, akaandika sababu kando. Akaniambia, "Ungenyamaza, ningeitwa daktari kwa uongo wako, na mama yako angebaki na moshi."

Wakapima upya. Nikawekwa mlinzi wa mashine, jikoni, kutwa nzima. Nilikimbia nje mara sita kupangusa machozi. Mama hakutoka. Alipika, akasafisha vibuyu vya maziwa ya mursik kwa makaa, akapika tena. Safari hii mstari wa moshi kwenye karatasi ulipanda hadi ukakosa nafasi.

Jiko likajengwa. Kifua hakijapona chote, lakini siku hizi mama anaomba asubuhi hadi amina bila kukatizwa.

Kwa hivyo wewe uliyeficha jambo, liseme mapema. Mungu ameshasikia mabaya kuliko ya ng'ombe, na hakumfukuza aliyekuja. Mwamini tu. Mimi namshukuru, hata kwa yale yaliyonipata jioni ya kwanza ya jiko hilo, nikiwa nimekaa nje kama kawaida nikingoja sahani. Mama alisimama mlangoni, akaniangalia, akasema:

"Kipkemoi, moshi umeisha. Ingia ukate mboga."