Kipofu Hagongi Vitu: Mwalimu Awadh Anatuaga

Alkhamis ya tarehe 29 Januari 2026, Mwalimu Awadh bin Khalfan anastaafu baada ya miaka ishirini na minane ya kufundisha tanzia za Wayunani wa kale hapa chuoni kwetu, Al Khuwair. Vyeo na shahada zake zimeelezwa kwenye kurasa za Kiarabu za jarida hili. Ukurasa huu ni wetu sisi wa Kiswahili, na mie Mahbuba, niliyepakana naye chumba miaka kumi na tisa, ndiye niliyeombwa niandike. Nimekubali, ingawa mtaona huko mbele kwamba sikustahiki.

Alianza mwaka 1998 na wanafunzi wanne, na wawili kati yao walikuwa wamekosea mlango. Hawakutoka. Leo darasa lake hujaa mpaka watu wakaazimana viti.

Mwaka wa pili mzazi mmoja alimjia juu, vipi watoto wa Kiislamu wanafundishwa habari za miungu. Mwalimu akamkalisha, akammiminia kahawa, akamsogezea halua. Akamweleza kwamba hatusomi walichokiabudu Wayunani, tunasoma walichokiogopa: mtu mwenye macho mawili mazima asiyeliona kosa lake, na kipofu aliyepewa na miungu kuliona, lakini hasikilizwi mpaka maji yamezidi unga. Mzee yule akasahau ugomvi, akataka kujua mwisho wake. Tangu siku hiyo kila onyesho la mwaka yeye ndiye wa kwanza kufika.

Sasa tuje kwenye aibu yangu, na Mwalimu ameniruhusu kuisema.

Miaka mitatu nyuma tulianza kumwona ana kiburi. Zakiya, katibu wetu wa idara, alimpungia mkono ukumbini, Mwalimu akampita kama aliyepita ukuta. Mimi nilikutana naye soko la Mawaleh, kwenye tungule, yuko na binti yake Reem. Nikamchekea. Akanitazama usoni, kisha akageuka kuchagua bilingani. Jamani, sisi watu wa Unguja mtu akikunyima salamu amekutukana pamoja na waliokuzaa. Na tena akawa haendeshi gari, Reem anamleta na kumchukua kila siku, tukambandika jina la Bwana Harusi.

Basi tukanuna. Tukakubaliana kumlipa kwa kipimo chake: hakuna kumtolea salamu kwa mdomo, mtu akitaka sana atainua kichwa, basi. Tukakaa hivyo mwaka mzima. Mwisho tukaandika barua kwa mkuu wa idara kwamba Mwalimu hapatani na wenzake, apumzishwe mapema, kabla ya onyesho lake la mwisho. Saini ya mwanzo ilikuwa yangu, na barua ilikaa mkobani mwangu ikingoja asubuhi.

Jioni ile nikaenda kwenye mazoezi, nakiri, kumtafutia kosa la kuongezea. Mchezo kautunga mwenyewe kwa mtindo wa Wayunani. Saud, aliyepewa nafasi ya mtabiri kipofu, alikuwa anapapasa hewani na kujigonga kwenye viti, wenziwe wanacheka. Mwalimu akamsimamisha.

"Kipofu hagongi vitu, mwanangu," alisema. "Anahesabu."

Akapanda jukwaani mwenyewe. Hatua kumi na moja, akageuka. Nne, akashuka ngazi. Mbili, akakaa kwenye kiti bila ya kukigusa kwanza. Na mimi moyo ukanipasuka, maana mwendo ule naujua. Ndio anaokuja nao kila asubuhi kutoka mlango wa mbele mpaka chumba namba saba, na mie nikiuita maringo.

Wanafunzi walipotoka nilimpungia mkono. Hakuna kitu. Nikamsogelea nikamtolea salamu. Uso wake ukafunguka.

"Waaleikum salaam, Mahbuba," akasema. "Nilidhani umehama chuo."

Nililia pale pale. Kumbe presha ya macho ilikuwa imeshamla karibu nuru yote, na alificha kwa kuogopa kunyang'anywa darasa. Vitabu alikuwa navyo kichwani, ukurasa kwa ukurasa. Kilichomshinda ni kimya chetu. Alidhani tumemchoka. Nyani haoni kundule: idara nzima tunafundisha fasihi, na aliyekuwa haonekani ni mtu wa chumba cha pili.

Barua niliichana mbele ya Zakiya, naye akanisaidia kuzichana nusu zake. Tukamwendea mkuu wa idara pamoja na Mwalimu, tukaeleza, na onyesho likafanyika mwezi wa Novemba uliopita. Saud hakugonga hata kiti kimoja. Mzazi yule, sasa kwa mkongojo, alikaa safu ya mbele, akalia bila ya kuficha.

Kwa hiyo Alkhamis, tukimuaga ukumbini, nnawaomba sana, mtu asimpungie mkono. Msogelee, mtolee salamu, taja jina lako. Ahsante, Mwalimu, kwa miaka yote hii ya kutufungua macho wakati yako yanafungika. Mungu akupe uzee wenye afya na nyumba isiyokauka wageni, na Reem apate kupumzika kidogo na usukani.

Assalam aleikum, Awadh. Ni mie, Mahbuba. Sijahama.