Felician Hhando na Kaburi Lililotoka Jeupe

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti tukae pamoja kidogo. Leo tunamkumbuka Felician Hhando wa Endagikot, mpiga picha, aliyetutoka wiki iliyopita. Nusu ya nyumba za Mbulu zina picha zake za kipaimara ukutani.

Mwaka 1981 filamu zilikuwa zimeadimika kama sukari. Felician alikuwa na kamera kubwa ya kizamani, ile ya kuning'iniza kifuani na kuchungulia kwa juu. Mtaalamu mmoja wa kigeni wa mashamba ya ngano, alipokuwa anaondoka, alimwachia filamu za ajabu. Zilinasa mwanga ambao jicho halioni. Majani mabichi yalitoka meupe pe, na anga nyeusi. Tena zilitaka giza totoro wakati wa kuzipachika. Mkewe, mama Verediana, anakumbuka: "Alikuwa anaingia kwenye ghala la mahindi, anajifunika blanketi. Anatoka na vumbi mpaka kwenye kope. Nilimcheka sana."

Sasa sikilizeni. Mwaka huohuo Gidabuday, mfugaji wa Gendabi kule Hanang, alimjia mbio. Trekta za shamba la ngano la serikali zilikuwa zinakaribia kaburi la baba yake. Kwao, mzee mwenye heshima huzikwa chini ya tuta kubwa la udongo. Meneja wa shamba alikuwa amesema yeye haoni kaburi, anaona kichuguu. Walete picha, awaonyeshe wakubwa wake, na trekta zitalikwepa. Picha tu, wasikilizaji. Picha moja ya kuokoa kaburi.

Felician hakuwa na filamu nyingine. Alipachika ile ya ajabu, akaweka kioo chekundu mbele ya lenzi kama filamu ile ilivyotaka, akapiga. Alijua majani yatageuka rangi. Alidhani umbo la tuta litabaki, na umbo ndilo lililotakiwa. Masikini, masika ilikuwa imekolea. Tuta lilikuwa limeota majani juu mpaka chini.

Akaisafisha picha. Tuta jeupe, uwanda mweupe, huwezi kuvitenganisha. Waliipeleka hivyo hivyo. Felician akamwamkia meneja shikamoo, akaeleza habari za mwanga usioonekana, akaeleza tena. Meneja aliigeuzageuza ile picha.

"Ndugu mpiga picha," alisema, "Hanang haina theluji. Hapa ni Ulaya."

Felician alipanda basi kwenda Arusha kutafuta filamu ya kawaida, na akaipata. Aliporudi Gendabi alimkuta Gidabuday katikati ya udongo uliolimwa, hajui hata asimame wapi. Felician ameshika kamera yake, hana cha kupiga. Inauma, wapendwa. Unafanya yote unayoweza, na hayafai kitu.

Binti yake Fabiola anasema baba hakupenda kuizungumza habari hiyo. Basi likipita kando ya ngano, alifumba macho.

Jumamosi, kwenye mazishi, mzee Gidabuday alikuja. Kwao mtu huweka majani mabichi juu ya kaburi la mzazi wake. Aliyaweka juu ya kaburi la Felician. Fabiola alimsikia akisema: "La baba sijui lilipo. Pokea wewe."

Mama Verediana, Fabiola na ndugu wote wa Endagikot, poleni sana. Na mzee Gidabuday, pole, ingawa imechelewa mno. Nawe unayesikiliza, kama unapajua alipolala mzee wako, nenda kamwone. Nenda wakati bado unapajua.